Geuzeni Gauni Ndani Nje

Jana asubuhi nimeona gauni la kipaimara likifuta pikipiki.

Sitanii. Kijana wa bodaboda alikuwa amechuchumaa njia ya kwenda sokoni, ameshika kitambaa cheupe chenye lesi mabegani, anasugua tope kwenye rimu. Nikamwambia, "We mgosi, hicho umekitoa wapi?" Akasimama kwa adabu. "Shikamoo babu. Ni la dada, limeshakwisha." Nikamwuliza limekwishaje. Akacheka. "Si limeshavaliwa, babu?"

Limeshavaliwa! Kipaimara chenyewe hakijatimiza miezi mitatu. Koti nililovaa hapa ninapoandika nililishona kabla baba yake huyo kijana hajazaliwa, nimeligeuza ukosi mara mbili, na bado ukungu wa asubuhi haupiti. Nikarudi nyumbani nikamwomba mjukuu wangu Damari daftari lake lililobakiza kurasa, nikaanza kuandika, maana nikinyamaza nitapasuka. Kama herufi zimepinda mnisamehe. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nilikuwa zaidi shambani kwa mwalimu, napalilia viazi vyake, kuliko darasani.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa kwenye baraza moja hapa Lushoto mpaka sakafu ikafanya shimo pale mguu wangu wa kulia ulipokuwa unapumzika. Sasa macho hayaoni tundu la sindano, nimeacha. Hasira ndiyo haijastaafu.

Nawaandikia nyinyi mnaoagiza nguo kwenye simu, kifurushi kinapanda na basi kutoka Mombo, mnakifungua kwa kelele kama mmezaa. Na nyinyi mnaopindukia kwenye belo la mitumba mkaondoka na mfuko mzima kwa sababu ni rahisi, kumbe mtavaa moja, nyingine zitaishia kule mtoni zikininginia kwenye matete. Mto ule tulikuwa tunakunywa. Sasa una masoksi.

Kabla sijafika kwenye gauni lililonitoa machozi, nataka mjue kitu kimoja, tena ni cha bure. Mkishika nguo dukani msiangalie mbele. Mbele kila nguo ni nzuri, ndiyo kazi yake. Igeuzeni ndani nje. Angalieni mshono wa ubavuni: kitambaa kilichobaki nje ya uzi ni kipana kiasi gani? Kama ni vidole viwili, huyo aliyeshona alikuwa anakufikiria. Kama ni ukucha, alikuwa anafikiria kitambaa chake. Halafu vutieni mshono pande mbili. Mkiona uzi unachungulia kama meno, rudisheni. Finyangeni kitambaa kwenye ngumi mhesabu mpaka kumi. Kikitoka na makunyanzi kama uso wangu, mjue mtakuwa watumwa wa pasi. Inueni juu kwenye mwanga. Mkiniona mimi upande wa pili, na watu watawaona nyinyi.

Hicho kinachobaki ndani, sisi mafundi tunakiita akiba. Nguo bila akiba ni nguo ya siku ile ile. Mwenye nguo akinenepa kidogo, akipata mimba, akirefuka, basi, imekufa.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kuheshimu akiba kwa kuvuliwa suruali. Nasema kweli.

Fundi wangu alikuwa Mzee Zakayo, mtu mfupi, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, hasemi neno bila kulitia mate kwanza kama uzi. Mimi kijana nilijiona najua. Nikishapitisha mshono nachukua mkasi, kwaruu, nanyoa kitambaa chote kilichozidi ndani ili pawe safi kama kidevu cha bwana arusi. Na vile vipande, wacha niseme ukweli, nilikuwa najazia mto wangu wa kulalia.

Akaja mama mmoja kutoka Magamba na gauni la shule la binti yake. Nililishona mimi. Mtoto amerefuka, mwalimu amemrudisha nyumbani kwa sababu magoti yako nje, na hatapokelewa mpaka yafunikwe. Mama anataka liachiwe pindo na ubavu. Mzee Zakayo akaligeuza. Akatazama muda mrefu.

"Hili nani alishona?" Utadhani tulikuwa mafundi kumi pale barazani. Tulikuwa wawili.

"Mimi, fundi."

"Akiba iko wapi?"

"Niliikata, fundi, ndani papendeze."

Akaliweka gauni magotini. "Mgosi, umemwibia huyu mtoto mwaka wa pili."

Halafu macho yake yakashuka kwenye suruali yangu. Nilikuwa nimejishonea mwenyewe, bluu, kitambaa kilekile cha shule, jora moja. Mpya, pasi yake inakata mkate.

"Vua."

"Fundi, hapa?"

"Nenda nyuma ya pazia, vua, lete."

Akaikata mbele ya macho yangu. Mguu mmoja ukawa pindo, mwingine ukaingia ubavuni. Yule mama alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatetemeka. Mtoto akarudi darasani Jumatatu. Mimi nilirudi nyumbani nimejifunga kitambaa cha kufunikia cherehani, na njia nzima vijana wananiuliza, "Mgosi, umetoka jandoni?"

Tangu siku ile sijakata akiba ya mtu. Hata nilipokwenda Bulwa kushona aproni za wachuma chai nilikumbuka. Kule nilijifunza kingine: mti wa chai unakula nguo tumboni na pajani, pale mchumaji anapojisukuma kwenye mistari. Basi mbele nilitia kitambaa mara mbili, nyuma kimoja. Aliyenifundisha hilo ni mchumaji mwenyewe, mwanamke mmoja alinionyesha aproni yake akaniambia, "Fundi, unashona kwa macho, shona kwa tumbo langu." Ndiyo nawaambieni: nguo iulize inakwenda wapi. Nyinyi mnanunua viatu vyeupe mkapande navyo Magamba wakati wa mvua, halafu mnailaumu mvua.

Haya, gauni.

Dada yangu Raheli alipofikia kipaimara, Mzee Zakayo alimkatia gauni jeupe la pamba, zito, la mikono mirefu. Akamwachia akiba ya vidole vitatu kila ubavu, na pindo upana wa kiganja. Tulimcheka. Tukasema Raheli amebeba mapazia ndani. Mzee akasema hili halitakuwa la Raheli peke yake. Na kweli, kila msichana wa kwetu aliyefikia altare alipita humo: binti za shangazi, binti zangu wawili, na wengine ambao hawakuwa wa kwetu ila hawakuwa na gauni. Mwembamba tulimkunjia, mnene tulimwachia. Ukosi ulibadilika, mikono ilifupishwa kwa kukunjwa, lesi zilikuja zikaondoka. Mkasi haukuingia hata siku moja.

Ili nisipotee, kila msichana nilimpigia bandi ya uzi wake. Bandi ni ile mishono mirefu ya mkono, unapita tu kushika kitambaa. Wengine huitoa. Mimi niliiacha ndani kiunoni, kila mmoja rangi yake, ili nikifumua nijue mwili wa nani uliishia wapi. Raheli mwekundu. Binti yangu mkubwa kijani. Ukiligeuza lile gauni unaona mistari imelala kiunoni kama ngazi za mashamba yetu milimani.

Raheli alifariki miaka kadhaa iliyopita. Gauni nikalitunza kwenye sanduku na majani ya mkaratusi, nondo hawaupendi.

Mwaka huu zamu ikawa ya Damari. Damari ni mtoto wa mwanangu, anaishi na mimi, mkaidi kama mimi. Alisema mwenyewe, "Babu, mimi nataka la bibi Raheli." Wenzake wa darasa la kipaimara wakapata habari. Wakaanza, "Damari atavaa la marehemu! Mtakatifu Damari wa kaburini!" Akarudi nyumbani amefura, lakini hakubadili neno. Alisema tu, "Babu, libane vizuri wasipate la kusema."

Nikaanza kulibana. Ndipo tangazo likasomwa kanisani: kamati ya wazazi imekaa, wasichana wote watavaa sare moja, gauni limeshachaguliwa kwenye simu, litaagizwa. Asiye na sare ataingia mwisho kabisa, nyuma ya wote, peke yake.

Sare! Jamani, hii sare imetuingiaje? Sare ya harusi, sare ya kumuaga bibi harusi, sare ya kumbukumbu ya marehemu, mpaka marehemu anatamani asikumbukwe. Kitenge kinashonwa Ijumaa kwa haraka, mafundi hawalali, Jumamosi kinavaliwa, Jumapili kiko chini ya godoro. Na mimi nimekula kwenye sare hizo, sitajifanya malaika. Nilishona nikapokea. Lakini mtoto kuwekwa mwisho wa mstari kwa sababu ya gauni, hapo nilisema hapana.

Nikaenda kwenye mkutano wa wazazi, nimelikunja gauni kwenye mfuko. Palikuwa na mama mmoja wa kamati, ndiye aliyeishika hoja ya sare kwa mikono miwili. Jina lake siliandiki, na mkifika mbele mtajua kwa nini. Nitamwita Mama wa Kamati.

Niliposimama kijana mmoja mwenye mtoto wa kiume, ambaye hata hayamhusu, akapiga kelele nyuma, "Mzee wetu anataka watoto wavae mapazia!" Wakacheka. Nikawaambia mapazia yana pindo pana kuliko hayo mnayoagiza. Wakacheka zaidi, na kidogo walikuwa upande wangu, nikaona.

Mama wa Kamati akasimama. Kwa adabu, sina la kumlaumu. "Baba, tunakuheshimu. Lakini gauni la kuazimana ni la enzi za shida. Watoto wetu si wa kuazima. Tumetoka huko."

Damu ikapanda. Hapa, vijana, ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la mkasi.

Nikatoa gauni mfukoni, nikaligeuza ndani nje mbele ya watu wote, nikatia kidole kiunoni. "Umetoka huko kweli, mama. Uzi huu wa bluu ni wako. Ulibarikiwa ndani ya hili gauni."

Vichwa vikageuka kumtazama yeye.

Yeye alinitazama kama mtu aliyeitwa jina asilolijua. Akachukua mkoba wake akatoka. Mwenyekiti akaomba mikono, mikono ikainuka, sare ikapita. Sikupata hata mkono mmoja. Waliokuwa wananicheka kwa upendo walikuwa wanatazama sakafu.

Nilirudi nyumbani najiambia nimesema kweli. Nilijiambia mara nyingi. Ukiona unajiambia kitu mara nyingi, ujue.

Kesho yake mchana niko mlangoni, nikamwona anapanda njia. Nikamsalimu kwa kwetu, "Onga mshi, mama." Hakuitikia. Akanipita bila shikamoo. Mtu wa umri wake, amelelewa vizuri, kunipita bila shikamoo! Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Baba, unajua mama yangu aliniambia nini kuhusu lile gauni?"

Nikakaa mbele yake.

"Aliniambia amelinunua. Aliniambia ameuza ndizi zetu zote na plamu zetu zote kule Mombo ili nivae gauni jipya. Baadaye nikimwuliza liko wapi anasema ameliweka kwa shangazi, litaliwa na panya hapa. Nimekua na hiyo habari. Nimewaambia wanangu. Kwenye mazishi yake nimesimama nikaisema mbele ya watu. Jana wewe ukasimama mbele ya watu walewale."

Vijana, nilikumbuka. Nilikumbuka kila kitu kwa mara moja. Mama yake alikuja mlango wa nyuma, asubuhi sana, kuna ukungu, akaniomba gauni na akaniomba kitu kimoja tu: binti asijue. Ndiyo maana nililitia ukosi mpya na mikono ya puto, lisifanane na lile walilokuwa wamemwona nalo binti yangu mwaka uliotangulia. Nilimwahidi. Na Mzee Zakayo alishaniambia, siku ya kwanza aliponipa futi kamba: utapima miili ya watu, utajua nani ana mimba kabla ya mumewe, nani amekonda kwa njaa, nani ana jipu asilolisema, hayo yote yafie kwako. Sheria ile nilikuwa nimeishika miaka yote barazani. Nimeacha kazi ndipo nikaivunja, kwa ajili ya kushinda mkutano.

"Jana umenivua mbele za watu," alisema. "Na mama yangu umemvua kaburini."

Nikasimama. Sina maneno mazuri ya kuomba msamaha, mimi nimezoea kudai. Nikamwambia, "Mama, nimekosa. Nimemkosea mama yako kwanza, halafu wewe."

"Toa uzi wangu."

Nikaleta gauni na wembe. Nikampa wembe. Haikuwa haki yangu tena kuugusa ule uzi. Akaligeuza mwenyewe, akatafuta, akaupata mstari wa bluu. Hakukata. Akawa anapima kwa vidole kutoka pale hadi kwenye mshono wa Damari.

"Nilikuwa mwembamba hivi?"

"Ulikuwa mwembamba, mama. Nilikunja kila upande kiasi hiki." Nikamwonyesha.

"Hukukata?"

"Sikukata. Kile nilichokunja kwako ndicho nilichomwachia aliyekuja baada yako, alikuwa mnene. Na sasa ndicho kimemkaa Damari kifuani."

Akauvuta ule uzi polepole, ukatoka mzima, mrefu, bado bluu kabisa kwa sababu jua halijawahi kuuona. Akauacha ukaanguka sakafuni. Akaondoka, bila kwaheri vilevile. Niliona haki yake.

Siku ya kipaimara ilifika. Magauni ya simu yalifika pia, kwa wakati, na nitasema ukweli: yalipendeza. Meupe, yanang'aa, yana vipande vya lesi mabegani. Nilitafuta kosa kwa mbali sikuliona, nikaumia. Wasichana wakapangwa nje ya kanisa, na Mama wa Kamati ndiye aliyekuwa anawapanga kwa urefu. Damari akasimama pembeni kwenye nyasi, peke yake, ndani ya gauni la Raheli, ameinua kidevu. Mdomo wake wa chini nilikuwa naujua. Alikuwa amebakiza kidogo alie.

Mama wa Kamati akafika alipo. Akamtazama kiunoni kwanza, si usoni. Akamshika bega, akamvuta, akamwingiza katikati ya mstari, wa tatu, mahali pa urefu wake.

Mjumbe mmoja akasema, "Dada, huyo hana sare."

"Ana gauni," akajibu. Akaendelea kupanga.

Basi. Wakaingia. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema marehemu. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikajipangusa kwa mkono wa koti, lile lile la ukosi uliogeuzwa.

Hapo ningeweza kuishia, kama kijana wa pikipiki asingeniharibia asubuhi yangu. Lakini leo mchana, wakati naandika ukurasa wa juu huko, nimepigiwa hodi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Alikuwa yeye, na binti yake nyuma, na mfuko. Ndani ya mfuko gauni la simu. Binti amejaza kidogo tangu siku ile, watoto wa umri huo hawaulizi ruhusa, na Krismasi anataka kulivaa. Kwapa limeachia. "Baba najua umestaafu. Liachie kidogo tu."

Nikaligeuza ndani nje. Nikalipeleka dirishani. Damari akaja na macho yake mazuri akanisaidia kutazama. Ubavuni hakuna kitu. Ukucha. Kwapani nusu ukucha, na uzi wenyewe ulikuwa unatoka kama ndevu za mahindi. Pindo limebandikwa kwa gundi, si kushonwa. Nguo imenyolewa pande zote. Hakuna pa kushika sindano.

"Niachie nini, mama? Hapa hakuna mtu aliyebakiza kitu."

Nikamsimulia habari ya Mzee Zakayo na suruali yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta, na binti yake akacheka, na Damari ambaye ameisikia mara mia akacheka. Halafu Mama wa Kamati akapangusa macho akauliza swali ambalo ndilo limenifanya nisilale mchana huu na niwaandikie kwa kalamu nzito hivi: "Sasa Baba, aliyekata hili yuko wapi?"

Sijui! Hapo ndipo penye hasira yangu yote, vijana. Mimi nilipomwibia mtoto mwaka wa pili, mama yake alijua baraza langu. Alishuka kutoka Magamba na miguu yake, akanikuta, nikaona haya, nikavua, mtoto akarudi shule. Nilipomvua mama wa watu kwenye mkutano, alijua mlango wangu, akaja akanipita bila shikamoo, nikasimama nikaomba radhi. Aliyekata hili gauni, yeye au tajiri wake, hana baraza. Hatamwona huyu binti kwapa lilivyoachia. Amewaibia watoto wote wa mstari ule mwaka wa pili kwa siku moja, tena amelipwa, na hakuna wa kumwambia avue. Na nyinyi mtamtumia pesa tena mwakani!

Mnaniuliza, babu, tuvae nini basi. Vaeni chache. Vaeni za mtu mnayeujua mlango wake. Mkinunua mtumba nunueni mmoja wenye vidole viwili ndani, muuache mfuko. Kifungo kikilegea kazeni leo, kesho kitakuwa barabarani. Tundu likiwa dogo kama punje ya mtama lishoneni, likifika kama kunde mnatafuta kiraka. Anikeni ndani nje, kivulini, jua la huku linauma rangi hata kukiwa na ukungu. Na kabla ya kulipa jiulizeni nani atalivaa baada yenu. Kama jibu ni pikipiki, rudisheni.

Nimetoka nje ya njia. Nilikuwa nasema, Mama wa Kamati.

Alikunja gauni la simu akalirudisha mfukoni. Akazungusha pete yake. Halafu akasema bila kunitazama, "Lile lingine, Baba. Bado lina akiba?"

"Kidole kimoja kila upande."

"Kinamtosha huyu?"

Nikamtazama binti. "Kinatosha, na kinabaki."

Damari alishafungua sanduku kabla sijamtuma. Mimi siwezi kutunga sindano, atashona yeye, mimi nitasimamia na kugomba. Akaweka kopo la nyuzi mezani. Akamwuliza yule binti anataka rangi gani. Binti akamtazama mama yake.

"Mtie bluu," mama akasema. Halafu akaniinulia kidole mimi. "Na wewe Baba, andika unavyoandika hapo, nimekuona unaficha daftari. Jina langu ukilitaja, nakuja kulivua hilo koti."

Sijalitaja.